Sikukuu Pwani ya Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kabla ya Kuja Mtwara na Lindi

Ikikaribia Pasaka, Idi au mwisho wa mwaka, simu zetu sisi wa Mtwara haziishi kuita. Shemeji yuko Dodoma, jirani wa zamani yuko Mwanza, na wote wanataka kujua chumba ni shilingi ngapi. Chumba tutakifikia. Kuna jambo ambalo karibu hakuna anayeliuliza, nalo ndilo huamua kama utaogelea au utakaa ufukweni kutazama matope, kwa hiyo naanza nalo.

Kwa nini nikiuliza ratiba naambiwa niangalie mwezi?

Kwa sababu bahari ya huku hupwa hasa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya meta tatu. Kwenye ufuko tambarare kama wa Shangani, hapa Mtwara mjini, unaweza kuamka ukakuta bahari imeondoka, yamebaki madimbwi, nyasi za bahari na akina mama wenye ndoo wanachokoa pweza. Mgeni aliyesafiri siku nzima kuja kuoga hudhani amedanganywa na picha.

Kanuni yake haina ugumu. Siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yanakuwa yamegeuka: yanajaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni. Hayo sasa ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

Haya, ipeleke hesabu hiyo kwenye sikukuu. Idi el-Fitri huja mwezi ukiandama, kwa hiyo ni bamvua kila mwaka. Asubuhi baada ya swala bahari iko mbali, na kuanzia alasiri inakuja yenyewe hadi miguuni. Wenyeji wanalijua hilo, ndiyo maana fukwe za mjini hujaa watu kuanzia saa tisa. Idi el-Hajj ni siku ya kumi ya mwezi mwandamo, maji yanatoka kwenye mafu yanaelekea bamvua, na hujaa karibu na adhuhuri. Pasaka huangukia baada ya mwezi mpevu, ila huo umbali hubadilika. Mwaka ambao mpevu uko karibu na Ijumaa Kuu utapata bamvua. Jumapili ikichelewa wiki nzima baada ya mpevu utapata maji mafu. Krismasi, Muungano na sikukuu ya Uhuru hazifuati mwezi, itabidi utazame kalenda mwaka wenyewe.

Jedwali la maji kupwa na kujaa lipo mtandaoni. Mvuvi yeyote pale Feri atakuambia bila kutazama chochote.

Wikiendi ipi ya sikukuu ni nzuri zaidi?

Tofauti na Dar au Tanga, kusini hatuna vuli na masika zilizoachana. Tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Hivyo Pasaka na Muungano huwa mwishoni mwa mvua, na mwisho wa mvua wakati mwingine ndio mbaya kuliko mwanzo.

Krismasi na Mwaka Mpya ni joto kali, upepo ni kaskazi, bahari mara nyingi imetulia na maji yanaonekana hadi chini. Kila mtu anajua hivyo, kwa hiyo kila mtu yupo. Watoto wa Masasi na Newala wanaofanya kazi Dar hurudi nyumbani wakati huohuo, na basi linawachukua wao na wewe.

Saba Saba na Nane Nane ni kiangazi kizuri, usiku una ubaridi, lakini kusi inavuma. Ukipenda kukaa ufukweni na kitabu, mchanga utakusomea kurasa mbili mbili. Na kama unakwenda Lindi wiki ya Nane Nane, ujue maonyesho ya wakulima ya kanda hufanyika viwanja vya Ngongo. Gesti za mji hujaa maofisa, wafanyabiashara na wenye mabanda kabla yako.

Ukinilazimisha kuchagua, nitachagua Siku ya Nyerere, 14 Oktoba, kwenye miaka inayoangukia Ijumaa au Jumatatu. Mvua haijaanza, kusi imelegea, nyangumi bado wanapita, korosho mpya zinaanza kuvunwa, na watu wa Dar hawajakumbuka kwamba kuna kusini.

Idi itakuwa lini hasa? Nikate tiketi ya siku gani?

Mwezi ukionekana, Mufti atatangaza usiku. Panga safari yako ikubali siku zote mbili: fika siku moja kabla ya Idi ya mapema na ondoka siku moja baada ya Idi ya kuchelewa. Ukifika Ramadhani bado inaendelea, mama ntilie wengi mchana hawapiki, hasa Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Kivinje. Beba chakula chako na ule ndani. Jioni utafaidi kuliko mwezi wowote.

Mtwara, Lindi au Kilwa? Nina siku nne tu.

Inategemea unatoka wapi. Ukitoka Dar kwa gari, Kilwa Masoko ndiyo karibu. Unafika Nangurukuru, unakunja kushoto, kama kilometa 30 uko baharini. Mchana wa siku ya kwanza unaweza kuwa unaoga Jimbizi. Mtwara ni kama kilometa 560 kutoka Dar, kwa basi ni siku nzima. Ukija na kurudi kwa barabara, siku mbili kati ya nne zako zimeishia kwenye kiti. Kwa wikiendi ya siku nne, Mtwara nashauri kwa ndege, au kwa watu ambao tayari wako kusini.

Lindi mjini ina ghuba nzuri na ukimya ambao sijauona mji mwingine wa mkoa. Unavuka kwa kivuko kwenda Kitunda, unatembea, unarudi unakula samaki. Wanaotaka muziki na umati watachoka mapema. Mimi ningelala Lindi usiku mmoja njiani, si zote nne, na najua watu wa Lindi watanisema.

Kwa wanaotoka Masasi, Nachingwea na Ruangwa, Lindi ndiyo bahari yenu ya karibu. Mkifika njiapanda ya Mingoyo, kaskazini ni Lindi na kusini ni Mtwara, mnaamua hapo kulingana na chumba kilipopatikana. Newala na Tandahimba, njooni Mtwara moja kwa moja.

Barabara ikoje?

Ni lami toka Dar mpaka Mtwara. Wanaokumbuka kivuko cha Ndundu, Mto Rufiji, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, au kile kipande cha Ndundu hadi Somanga kabla hakijawekwa lami, huwa hawalalamikii tena mashimo. Ila msimu wa mvua usiichukulie poa. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara maeneo ya Somanga na watu wakakwama siku kadhaa, wengine na watoto wachanga. Ukija Pasaka au Muungano, weka akiba ya siku moja ya kazi na pesa ya kula njiani, na kabla ya kuanza safari mpigie mtu aliyepita jana.

Malori ni mengi, ya saruji na msimu wa korosho ndiyo usiseme. Ukiendesha mwenyewe, fanya safari mchana. Mbuzi wa Somanga hawajui sikukuu.

Tiketi ya basi nikate lini?

Ya kuja, mapema. Ya kurudi, mapema zaidi. Kosa la wengi ni kukata ya kuja tu, halafu Jumatatu ya Pasaka wanakwenda stendi ya Mkanaledi na mabegi wakidhani siti zipo. Siku ya mwisho ya sikukuu mji mzima unaondoka pamoja. Kata zote mbili siku moja, au rudi Jumapili, au omba ruhusa ya Jumanne.

Nauli za mabasi hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nazo zina kikomo. Mpiga debe akikuambia sikukuu nauli imepanda, nenda dirishani kwenye ofisi ya basi lenyewe, dai tiketi ya mashine yenye jina lako, namba ya siti na kiasi ulicholipa. Karatasi ya mkono isiyo na kitu itakupa siti ambayo wameuziwa watu watatu.

Na ndege?

Zipo za Dar hadi Mtwara, kama saa moja angani. Uwanja uko karibu na mji, bajaji inatosha. Sikukuu bei hupanda kadiri siti zinavyopungua, basi ukishaijua tarehe nunua.

Chumba nitapataje bila kutapeliwa?

Hoteli za ufukweni hasa ni chache huku, na hilo ndilo linalofanya fukwe zetu zipendeze na pia ndilo linalofanya chumba kiwe shida tarehe 24 Desemba. Gesti na loji za mjini ni nyingi na nyingine safi sana. Usiogope kulala mjini na kwenda baharini kwa bajaji, Mtwara si mji wa foleni.

Kabla ya kutanguliza pesa, omba lipa namba ya biashara yenyewe. Ukiiandika kwenye simu itakuonyesha jina. Jina likiwa la gesti, endelea, likiwa la mtu binafsi ambaye "ni meneja", uliza kwanza. Mtume ndugu au mtu unayemfahamu Mtwara akakione chumba. Kila mtu ana mtu Mtwara, fikiri vizuri: mwalimu, mwanajeshi, mtu wa korosho, mtu wa gesi.

Uliza pia mambo matatu ambayo picha hazisemi: maji ya bomba yanatoka saa zote, kuna jenereta umeme ukikatika, na je, kuna baa chini ya dirisha. Hilo la tatu usiku wa mkesha utalikumbuka. Njoo na kitambulisho, kitabu cha wageni lazima kijazwe.

Msimbati inafaa kwa siku moja?

Inafaa, na ndiyo ufuko ninaoupenda kuliko wote kusini. Iko kusini mashariki ya Mtwara mjini, kupitia Madimba kwenye mitambo ya kusafisha gesi. Mchanga ni mweupe, mrefu, minazi ipo, na kina kiko karibu na ufuko, kwa hiyo hata maji yakipwa hutembei mbali kuyatafuta. Hiyo ndiyo sababu ya kuichagua siku ambayo kalenda ya mwezi imekunyima Shangani.

Kuna mambo ya kujua. Eneo hilo ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo kuna kiingilio, na Watanzania hulipa kiwango chao. Kulipa ni kwa namba ya malipo ya serikali; ipate ukiwa bado mjini wenye mtandao mzuri. Usiokote kombe wala matumbawe, hata vilivyokufa.

Gari dogo litakwama mchangani. Vijana wa pale watalisukuma kwa furaha na kwa malipo. Wenye gari la magurudumu manne hupenda kuendesha ufukweni maji yakiwa yamepwa. Mimi sipendi: kasa hutaga kwenye mchanga huohuo, na maji yakianza kurudi hayamsubiri dereva anayetafuta jeki.

Beba maji ya kunywa, kivuli, na pesa taslimu. Wakala wa sikukuu huwa hana floti kufikia saa sita mchana. Chakula waambie mapema asubuhi, hakuna jiko linalosubiri watu hamsini wasiotarajiwa.

Kuna fukwe za karibu zaidi kwa familia isiyo na gari?

Msangamkuu. Unakwenda Feri, unavuka na kivuko au mtumbwi, upande wa pili ni mchanga mweupe. Sikukuu foleni ya kurudi jioni ni ndefu na watoto wamechoka na wana njaa, kwa hiyo geuka kabla jua halijaegemea. Usikubali kuingia kwenye mtumbwi uliojaa kwa sababu tu wengine wameingia.

Kilwa Kisiwani unaendaje? Na Songo Mnara?

Kibali kwanza, hapo Kilwa Masoko, halafu boti bandarini. Ofisi nyingi sikukuu hufungwa au zina mtu mmoja, basi shughulikia kibali siku ya kazi ya mwisho kabla ya wikiendi. Kisiwani ni karibu, unakiona. Chukua mwongozo wa pale kisiwani, vinginevyo utaona kuta tu. Msikiti Mkuu, ngome iitwayo Gereza, na Husuni Kubwa, jumba la mfalme lililo juu ya mwamba, lenye birika la pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981.

Songo Mnara ni safari ya nusu siku na zaidi, na hapo ndipo maji yanarudi kwenye hesabu: ukifika yamepwa utashuka mbali na kutembea kwenye maji na matope ya mikoko ukiwa umeshika viatu. Mwenye boti anajua saa ya kuondoka, usimbishie kwa sababu ya kifungua kinywa. Miezi ya kusi, ondoka alfajiri, mchana bahari huchafuka. Na jaketi la kuokolea ni kwa kila kichwa, pamoja na mtoto. Likiwa halipo, tafuta boti nyingine.

Watoto wataoga salama?

Hakuna waokoaji kwenye fukwe zetu nyingi, kwa hiyo mwokoaji ni wewe, na mtu aliyekunywa hahesabiki. Pangeni zamu ya watu wazima kukaa macho majini, simu mfukoni. Msimbati kina hushuka ghafla, mtoto aoge ukingoni. Siku za bamvua maji yanapotoka huvuta kwa nguvu penye mikondo na midomo ya ghuba. Muulize mwenyeji sehemu ya kuoga kabla hujavua shati.

Kwenye miamba vaeni viatu vya plastiki, wale viumbe weusi wenye miiba mirefu wapo wengi. Mkitembea kwenye mchanga chini ya maji, buruteni miguu ili samaki taa aliyejificha aondoke. Akimchoma mtu, au mwiba ukiingia, maji ya moto kiasi cha kuvumilika hutuliza maumivu, halafu hospitali. Mtwara mjini kuna Ligula, Lindi kuna Sokoine.

Tuvae nini?

Majini kwenye ufuko wa hoteli, utakavyo. Ufuko wa kijiji, mtani wangu, ongeza kitu: kaptula ndefu, fulana, kanga. Dada zetu wa hapa huoga na madira na hakuna aliyezama kwa sababu hiyo. Ukitoka majini kwenda dukani, jifunge kanga. Hakuna atakayekufokea, ila samaki atapanda bei.

Nimesikia habari za mpakani. Ni salama?

Vita vya Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, vilianza Oktoba 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu kilishambuliwa. Kitaya iko mtoni, si kwenye fukwe hizi. Utakutana na ulinzi njiani: simama, salimia, toa kitambulisho, jibu ulichoulizwa. Usipige picha mitambo ya gesi, bandari wala askari. Safari ya kutalii kingo za Ruvuma iache mpaka umeuliza mamlaka za wilaya.

Mvua ikinyesha siku nzima tufanye nini?

Mikindani, kilometa kama kumi kutoka Mtwara, ni mji mkongwe wa kutembea mvua ikipumzika: milango ya kuchongwa, nyumba za mawe zilizochoka, na Boma la Wajerumani la mwaka 1895 kilimani. Livingstone alianzia hapa mwaka 1866 safari ambayo hakurudi. Mtwara mjini, Majengo, ingia Kanisa la Mtakatifu Paulo. Kuta zimejaa michoro ya Biblia ya padri Mbenediktini Polycarp Uehlein. Sikukuu kuna ibada, kwa hiyo subiri iishe au kaa usali.

Wengine huuliza mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, Lindi. Kilima kipo, ila mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na yule mkubwa wao amesimama Berlin. Usiwaahidi watoto.

Tule nini, na turudi na nini?

Pweza, changu, kolekole, kamba wakiwepo. Ukiona mtu ana beseni la ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha, nunua, utaisimulia kwenu. Samaki wa sikukuu ni ghali kwa sababu wavuvi nao wanasherehekea. Idi mosi boti nyingi hazitoki kabisa, kwa hiyo nunua siku iliyotangulia au ule kuku.

Korosho nunua kwa wanaobangua na kuuza kwa kilo, onja kwanza, chagua nzima zisizo na madoa, na uulize ni za msimu gani. Za mwaka jana zina harufu ya mafuta ya zamani. Vinyago vya Kimakonde, muulize fundi mwenyewe mti gani: mpingo ni mzito na weusi wake uko ndani, siyo rangi ya viatu iliyopakwa juu. Vifungashio viwe vya kitambaa au mkeka, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na ukaguzi wa njiani haulali sikukuu.